Karai la Udongo

Nyumbani kwetu hakuna mtu aliyeruhusiwa kutia kitu ardhini kabla ya mke mkubwa. Mvua ndefu zinapoanza, yeye ndiye huamka kwanza, hupangusa masizi kwenye mbegu zilizotundikwa juu ya meko, huenda shambani kwake peke yake na kufukia mashimo machache ya mahindi. Akirudi na udongo mikononi, wengine wote wamefunguliwa: mke mdogo, wake za wana, hata jirani aliyeazimwa kipande cha ardhi. Kumtangulia ni mwiko. Husemwa kwamba watoto wa boma hilo watakonda na kuzikwa mmoja baada ya mwingine. Sikuwahi kumwona mtu aliyethubutu, kwa hiyo sikuwahi kujua kama ni kweli.

Mama yangu alikuwa mke mkubwa. Mwaka ninaouzungumzia, wa pili tangu Uganda ipandishe bendera yake, mvua zilianza yeye akiwa kitandani.

Boma letu lilikuwa kando ya barabara itokayo Tororo kwenda Busia, karibu zaidi na Busia. Asubuhi kukiwa na anga safi tuliuona mwamba wa Tororo, mdogo kama jiko lililosahaulika uwanjani. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa. Shule zilikuwa zimefungwa, nikarudi nyumbani kumuuguza mama pamoja na mama mdogo, yaani mke wa pili wa baba. Baba alifanya kazi ya reli Tororo na alikuja kila Jumamosi kwa baiskeli.

Ugonjwa wa mama ulikuwa uvimbe tumboni. Ulianza kama mimba, naye akawa anauonea aibu kwa sababu umri wa kuzaa ulikuwa umempita. Tulipomfikisha hospitali, daktari alimpima, akatuita mimi na baba nje, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba kisu hakitasaidia. Huenda angefika mavuno, alisema, huenda asifike. Alitupa vidonge vya maumivu. Vilipokwisha tulirudi tukapewa vingine, na hivyo navyo vikawa havifanyi kitu. Maumivu yalikuja kwa zamu, kama mtu mwenye saa. Mama alikuwa anauma kitambaa ili watoto wa mama mdogo wasisikie.

Dawa iliyomsaidia ilikuwa bangi. Kwetu huitwa njaga, na wazee wengine huivuta bila kujificha sana, lakini serikali ilikuwa imeipiga marufuku na mama alikuwa mtu wa kanisa. Mama mdogo ndiye aliyesikia habari za bibi mmoja wa kijiji cha Kwapa, mkunga mzee, aliyewapa majani hayo wanawake wenye uvimbe. Nilikwenda nikarudi na kopo moja la majani makavu. Tuliyachemsha katika maziwa. Mama alitazama kikombe kwa muda mrefu.

"Mchungaji akiuliza?"

"Mwambie ni majani ya chai," mama mdogo akasema. "Chai nayo ni majani."

Mama akanywa. Usiku ule alilala hadi jogoo wa pili, na asubuhi akaomba uji. Hakuwa amepona, uvimbe ulikuwa pale pale, lakini kile kitambaa kilikaa kimekunjwa kando ya mto, kikavu. Kwa mwezi mmoja na zaidi alikula, alizungumza, alimtania mwenzake. Tulijua kilichobaki cha kumtafutia hapa duniani: majani ya kutosha kumfikisha mwisho wake bila kuuma kitambaa. Hatukuwa tukitafuta kitu kingine.

Lakini mvua ilikuwa imeanza, na mashamba yetu yalikuwa yamelimwa na kukaa wazi. Majirani walikuwa wameshapalilia mara ya kwanza. Watu waliopita barabarani waligeuza shingo kutazama udongo wetu mtupu kisha wakatazama mbele haraka. Ilikuwepo njia ya kututoa hapo. Mke mkubwa asipoweza kusimama, udongo hupelekwa kwake. Huwekwa katika karai kando ya kitanda, naye hufukia punje kwa mkono wake mwenyewe, kisha udongo ule hurudishwa shambani na watu wakaanza kupanda. Njia hiyo, hata hivyo, ni ya mtu ambaye hatarajiwi kuinuka tena. Kila mtu alijua hivyo, hata mtoto wa miaka saba. Mtu akiingia chumbani na karai la udongo, hana haja ya kusema lolote zaidi.

Kwa hiyo hakuna aliyeingia nalo. Mama hakuambiwa alichosema daktari. Tulimwambia ni uvimbe wa maji na kwamba mvua zikipungua atapelekwa tena hospitali. Mama mdogo alikuwa na watoto wanne na ghala lake lilikuwa linatoa sauti ya utupu, lakini kila asubuhi alimwamkia mama kwa maneno yale yale: "Dada, leo umeamka na nguvu. Kesho kutwa utatupandia."

Jumatano moja nilikwenda Kwapa kwa baiskeli kutafuta majani mengine. Bibi nilimkuta ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha, akichambua kunde.

"Mwalimu, umekuja siku mbaya," alisema. "Kesho naung'oa."

"Kwa nini, bibi?"

"Askari wa chifu wamepita kwa jirani yangu. Wamechoma mpaka mboga za watu, maana hawajui majani. Wakifika hapa na mimi nitachomwa."

Alikuwa na mmea mmoja tu, nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Ulikuwa na shina nene lililokatwa mara nyingi na kuchipua tena, kama mkono wenye makovu. Alinijazia kopo kwa majani makavu yaliyobaki, akanionya kwamba ni ya mwisho. Nikahesabu palepale: konzi ndogo moja kwa siku, yangetufikisha karibu miezi miwili. Mahindi ya mwaka ule yangekuwa bado mabichi.

Nilimuuliza kama ana mbegu.

"Mbegu ni kamari. Ukipanda kumi, sita zinatoka dume, na dume halina msaada, sawa na huku kwa binadamu." Akacheka peke yake. "Nitakupa vipando. Kipando ni yeye mwenyewe, umemgawa tu."

Aliingia ndani akatoka na wembe. Alichagua matawi machanga, akayakata kwa mshazari, matano, kila moja urefu wa shibiri, akapunguza majani ya chini. Aliyafunga kwa ganda bichi la mgomba lililoloweshwa. Kisha akakata marando ya viazi vitamu, mzigo mzima, akavificha vipando katikati yake.

Alinishika mkono. "Sasa nisikilize. Leo. Kabla jua halijatua viwe udongoni. Udongo laini, maji, kivuli. Hiki si kiazi. Rando la kiazi ukililaza siku mbili linakasirika, linatoa mizizi. Hiki kikilala kimelala. Vikishika, kabla kopo hilo halijaisha utakuwa unachuma mabichi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema."

"Leo, kabla jua halijatua."

Aliniachia mkono.

Karibu na njia ya reli askari mmoja alinisimamisha. Alikuwa kijana, koti limelowa mabegani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini.

"Mwalimu! Nabeba nini hiyo?"

"Marando ya viazi, afande."

"Kwenu hapana viazi?"

"Vipo, lakini fuko wamevimaliza."

Alichomeka fimbo yake katikati ya mzigo, akaigeuza. Nilimtazama usoni, nisitazame fimbo.

"Hii ya Kwapa nakuwa tamu?"

"Njoo mwezi wa nane uonje."

"Mwezi wa nane mimi nakuwa mbali. Serikali nahamisha mimi kama ng'ombe ya mnada." Akatoa fimbo, akaipangusa kwenye buti. "Haya, kwenda. Salamu kwa mgonjwa."

Sikuwa nimemwambia kwamba tuna mgonjwa. Habari zilikuwa zimesambaa mpaka relini.

Nilifika nyumbani saa kumi na nusu. Naukumbuka muda kwa sababu niliangalia kivuli cha ghala, nikajua jua lina zaidi ya saa moja na nusu kabla ya kutua. Mama mdogo alikuwa jikoni. Nilifungua mzigo mbele yake.

"Hivi ni vya nini?"

"Njaga ya mama. Bibi anang'oa yake kesho, hatutapata tena. Vinataka udongo."

"Udongo wa nani?" Aligeuza macho kuelekea nyumba ya mama, ambayo mlango wake ulikuwa umeegeshwa. "Nani atavipanda? Mimi? Nina watoto wanne."

"Tuvitie kwenye debe tu. Si shamba."

"Debe litakuwa na udongo au litakuwa na uji?"

"Basi tumpelekee mama mwenyewe avipande."

Mama mdogo aliweka mwiko chini. "Nenda. Wewe umesoma. Ingia na karai lako umwambie, dada, mkono wako unasubiriwa. Mimi siwezi. Nimemdanganya kila asubuhi tangu mvua ya kwanza, nitaingia kwa uso gani?"

Kuku walikuwa wameanza kuchungulia marando na mama mdogo akawafukuza kwa mguu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetengeneza njia ya kupita wote wawili: "Viache vilale kivulini na marando. Marando yakilala siku mbili hushika vizuri zaidi, hata mihogo hivyo hivyo. Jumamosi baba yako atakuja. Aseme yeye."

Alikuwa amepanda viazi na mihogo tangu utotoni, na kila alichokipanda kilishika. Hakuwa amewahi kuugusa mmea ule. Mimi ndiye niliyekuwa na maneno ya bibi wa Kwapa, niliyoyarudia mbele yake neno kwa neno saa tatu zilizopita. Nilikuwa nayo mdomoni. Nilichohitaji ni kusema: hapana, ni leo. Na nikishasema hivyo, ningelazimika kuchukua jembe na karai.

"Sawa, mama," nilisema.

Tuliyalaza marando chini ya upenu wa nyuma, vipando vikiwa katikati, tukafunika kwa majani ya mgomba.

Nilikuwa na daftari la shule ambamo niliandika habari za ugonjwa: saa ya maumivu, kiasi alichokula, siku alizopata choo. Katika daftari hilo niliandika pia hali ya vipando, kwa sababu nilikuwa na mazoea ya kuandika. Alhamisi asubuhi: majani yameinama. Alhamisi jioni: vichwa vimelala, nimenyunyiza maji. Ijumaa: viwili laini kama uzi, ncha zimejikunja. Marando ya viazi yaliyovizunguka, Ijumaa ile ile, yalikuwa yameanza kutoa vidoti vyeupe penye vifundo. Niliyaandika hayo yote kwa mwandiko mzuri, na sikumwambia mtu.

Jioni ya Ijumaa mama aliniuliza, "Kwapa ulipata nini?"

"Kopo limejaa, mama."

"Mungu ambariki bibi huyo. Na mmea wake haujambo?"

"Haujambo."

Baba alifika Jumamosi saa sita. Mama mdogo alimpokea baiskeli, akamletea maji ya kunawa miguu, na papo hapo, kabla hajaketi, akamweleza. Baba aliendelea kunawa. Alinawa mguu mmoja muda mrefu, akahamia wa pili.

"Nyinyi wawili," alisema hatimaye, "mmeningoja mimi nije niwe mkatili."

Alivaa ndara, akachukua jembe na karai mwenyewe, akaenda kwenye shamba la mama. Tulimwona akichagua mahali, akiinama, akipondaponda mabonge kwa mikono. Baba hakuwa mtu wa kuponda mabonge. Alirudi na karai limejaa udongo mweusi, akapita kati yetu, akaingia. Tukamfuata. Mimi nilibeba vipando na kopo tupu la mafuta lenye matundu chini, mama mdogo alibeba mbegu.

Mama alikuwa ameamka. Alilitazama karai likiwekwa kwenye kigoda kando yake. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kilio. Hakulia.

"Mmechelewa," alisema.

Baba akasema, "Mke wangu..."

"Naisikia mvua hii tangu tone la kwanza. Nilidhani mtaleta wiki ile ile. Kila asubuhi mwenzangu huyu anakuja kuniambia nina nguvu, nami najiuliza, wataleta lini? Watu wa ng'ambo ya barabara wanakula kunde changa, watoto wa nyumba hii wanakula upepo, kwa sababu mnanionea haya mimi?"

"Dada, ulijua?" mama mdogo akauliza.

"Daktari alipowaita nje nilibaki ndani na nani? Na tumbo langu. Lilishaniambia."

Mama mdogo akaanza kulia kwa nguvu, mikono kichwani.

"Usililie karai langu," mama akamwambia, "utalifanya tope."

Tulimwinua, baba akamshika mgongo. Alitia vidole udongoni. Vilikuwa vimekonda, kucha zimekuwa za njano, lakini vilifanya kazi bila kutafuta: kidole kinazama, punje mbili zinaingia, udongo unafunikwa na kugongwa kidogo kwa kiganja. Alipanda mahindi mashimo manne, akapanda maharage. Akaomba kwa maneno machache, akamwomba Mungu asiwaangalie waliochelewa. Kisha akasema, "Haya, na hicho kingine. Nasikia harufu yake."

Nilimpa vipando. Alivipanga kwenye blanketi, kimoja kimoja, akavinyoosha, navyo havikunyooka. Alivishika penye mkato akaubonyeza kwa ukucha.

"Vimelala tangu lini?"

"Jumatano," nikasema.

Alinitazama kidogo tu. Kisha akavipanda vyote vitano katika lile kopo la mafuta, akakandamiza udongo, akasema nilete maji.

Alasiri ile boma zima lilipanda. Mama mdogo, watoto wake, baba akiwa na suruali ya reli, wake wawili wa kaka zangu waliokuja mbio kutoka bomani kwao baada ya kusikia kwamba wamefunguliwa. Mama aliomba mlango uachwe wazi. Nilipoingia kumpa kikombe chake alikuwa amelala chali, akisikiliza majembe.

"Yule anayepiga haraka haraka ni mwenzangu," alisema. "Atavunja mpini."

Vipando vinne vilikufa katika wiki ya kwanza. Vilianza kuwa vyeusi chini, weusi ukapanda, ukikigusa kinaanguka. Cha tano kilibaki. Kilinyanyua kichwa baada ya siku tatu, majani yake yakawa mabichi, na mimi nikaanza kukitunza kama yai. Kilikaa dirishani kwa mama, penye mwanga usio na jua. Kila asubuhi aliuliza, "Kimeshika?" nami nikajibu, "Bado kibichi, mama." Nilijifunza kulitamani jibu hilo. Shule zilifunguliwa, nikawa nakwenda asubuhi na kurudi alasiri, na nilipokunja kona ya njia macho yangu yalikuwa dirishani kwanza.

Wakati huo huo maumivu yalikuwa yakiongezeka. Konzi moja ya majani haikutosha tena, tukatia mbili. Kopo la miezi miwili likawa la mwezi mmoja. Nilifanya hesabu upya katika daftari nikaona kwamba hata kama kipando kingeshika, kingetupa majani machache sana, tena baada ya kopo kwisha. Lakini kidogo kilikuwa bora kuliko hakuna.

Baada ya wiki tatu kilikuwa kibichi vile vile, bila jani jipya hata moja.

"King'oe nione," mama alisema.

"Kikiwa na mizizi itakatika, mama. Tungoje."

"Nimengoja vya kutosha nyumba hii. King'oe."

Nilikizungushia kidole, nikakivuta taratibu. Kilitoka bila kushikilia kitu, kama kijiti kilichochomekwa kwenye ugali. Chini kilikuwa cha kahawia, laini, na hakukuwa na unywele mmoja wa mzizi. Ubichi wote ulikuwa wa juu. Mama alikichukua, akakigeuza, akakinusa.

"Hiki kilikuwa kimekufa siku ile nilipokipanda," alisema.

Nilisawazisha udongo uliobaki kwenye kopo.

"Yule bibi alikuambia ungoje siku tatu?"

Ningeweza kumwambia kwamba ndivyo tupandavyo viazi. Ningeweza kumtaja mama mdogo. Alikuwa akinitazama kwa utulivu, kama alivyonitazama nilipokuwa mtoto nimevunja chungu na naye anajua.

"Alisema siku ile ile. Kabla jua halijatua."

"Na ulifika saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu."

Alifumba macho. Nilidhani maumivu yamekuja, nikasogea, lakini alinizuia kwa mkono.

"Mimi nilikuwa hapa," alisema. "Nilikuwa macho. Ungeingia tu."

Hakulisema tena jambo hilo, wala hakumwambia baba wala mwenzake. Kipando alikiweka kwenye kigoda na jioni nikakitupa chooni.

Majani yalikwisha wiki moja baadaye. Nilikwenda Kwapa, nikakuta mahali pa mmea pana jivu na maganda ya kunde juu yake. Bibi alinionyesha mikono mitupu. Hakuuliza kama vipando vilishika, na mimi sikusema. Sokoni Busia nilimpata mtu aliyeniuzia kifurushi nyuma ya mabanda ya mitumba. Tulikichemsha, tukampa mama, akatapika usiku kucha. Ilikuwa bangi kidogo sana iliyochanganywa na majani mengine tusiyoyajua. Upande wa Kenya kaka yangu mmoja alijaribu kununua, akakamatwa kwa kuulizauliza tu, akaachiwa baada ya kumpa askari jogoo. Baada ya hapo baba alikataza. Alisema hawezi kuwa na mke anayekufa na mtoto aliye jela kwa mwezi mmoja.

Hospitali walitupa vidonge vile vile.

Mama aliishi wiki nne zaidi. Nitasema jinsi ilivyokuwa kisha nitaacha. Mwanzoni alikuwa akiuma kitambaa maumivu yakija na kukitoa yakienda. Baadaye hayakuwa yakienda. Sauti yake ilibadilika ikawa si ya mtu tunayemjua, na watoto wa mama mdogo walipelekwa kulala kwa wake za kaka zangu. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni, palizi ya pili ilikuwa imeanza, na kina mama waliokuja kutusaidia kupalilia walianzia upande ulio karibu na nyumba kama kawaida. Siku ya pili nikaona wamehamia mwisho wa shamba, kule mbali penye mto. Hakuna aliyeeleza kwa nini. Walianza safu kutoka huko na kukaribia polepole, na mama alipopiga kelele walisimama, wakaegemea majembe, wakarudi nyuma.

Mama mdogo hakurudi nyuma. Alimlaza mwenzake mapajani na kumsugua mgongo kwa saa nyingi, akimtania hata pale ambapo mama hakuwa akisikia tena. "Dada, mahindi yako yamepita ya jirani. Amka uyaonee wivu." Jioni moja, tukiwa jikoni, aliniambia kwamba pengine vile vipando vilikuwa vya aina mbovu, kwa sababu kwa marando siku mbili hazijawahi kumwangusha. Yale ya Kwapa yalikuwa yametambaa hadi njiani. Nilimwambia kwamba pengine ni hivyo.

Mama alikufa Jumanne saa nne asubuhi. Shule nilikuwa nimeomba ruhusa, nilikuwa pale. Baba alikuwa Tororo, akaitwa kwa mtu wa baiskeli. Mama mdogo na mimi tulimwosha kabla watu hawajajaa uani. Kitambaa kilikuwa bado kati ya meno yake. Mama mdogo alijaribu kukitoa, taratibu kwanza kisha kwa nguvu, taya halikufunguka. Nilileta mkasi nikakata kilichoning'inia nje, tukamfunga kidevu, na kilichobaki ndani tulimzika nacho.